Namba 2,147,483,647: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniuliza kuhusu namba hii ni watu wa aina mbili. Wako wanafunzi na walimu wa hisabati, walioikuta kwenye orodha ya namba tasa maarufu. Wako pia mafundi wa programu, walioamka asubuhi wakaikuta imejaa kwenye hifadhidata yao bila kujua imeingiaje. Mara nyingi kundi moja halina habari kwamba lingine lipo. Nimeyaweka maswali yao pamoja kwa sababu jibu la huyu humfaa sana yule.

Inasomwaje kwa Kiswahili?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Naipenda laki hapo katikati. Ukisema "elfu mia nne themanini na tatu mia sita arobaini na saba", anayekusikiliza hajui elfu zinaishia wapi na mamia yanaanzia wapi. Wapo wanaosema "mia nne themanini na tatu elfu", nao wanaeleweka. Lakini aliyewahi kununua kiwanja au pikipiki anajua kuwa laki humaliza ubishi.

Inatoka wapi? Mbona haionekani kuwa na mpangilio wowote?

Mpangilio upo. Umefichwa na mazoea yetu ya kuhesabu kwa makumi.

Chukua bao la kete, lile lenye safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32. Weka kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, na uendelee hivyo, kila shimo likipata mara mbili ya lililotangulia. Kete 64 za mchezo hazitakufikisha mbali. Ukijaza shimo la sita umeshatumia 63, na mkononi imebaki moja tu. Tuseme kete unazo bila kikomo. Shimo la 31 litachukua kete 1,073,741,824, na ukijumlisha mashimo yote 31 utapata 2,147,483,647 kamili.

Shimo la 32 lingedai kete 2,147,483,648, yaani moja zaidi ya zote zilizotangulia zikiwekwa pamoja. Ndivyo ilivyo tangu mwanzo: 1 na 2 ni 3, inayofuata ni 4, 1, 2 na 4 ni 7, inayofuata ni 8. Kila mara jumla hupungukiwa na moja tu kuifikia hatua inayofuata. Ndiyo maana namba yetu huandikwa kwa ufupi 2³¹ − 1. Katika mfumo wa jozi, unaotumia tarakimu 0 na 1 peke yake, ni tarakimu 1 iliyoandikwa mara 31 mfululizo.

Nani alithibitisha kwamba ni namba tasa?

Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, na uthibitisho wake ulitangazwa mwaka 1772 katika barua aliyomwandikia mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli. Alikuwa akiishi Saint Petersburg, ana umri wa miaka sitini na kitu, na macho yake yalikuwa karibu hayaoni kabisa. Hesabu nyingi za miaka ile alizifanya kichwani, huku wengine wakimwandikia.

Habari yenyewe ilianza mapema zaidi. Namba za umbo la 2 kwa kipeo fulani, toa 1, zimewavutia watu tangu enzi za Wagiriki wa kale, kwa sababu nitakayoieleza kwenye swali la namba kamilifu. Kipeo kikiwa si namba tasa, jibu nalo halitakuwa tasa, hilo ni jepesi kulionyesha. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kipeo kikiwa tasa mambo yameisha. Sivyo: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Mwitalia Pietro Cataldi, mwaka 1588, alihakiki kwa kugawanya na kugawanya kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Hapo alikuwa sahihi. Kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa, na katika hivyo vinne alipata kimoja tu, 31. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Fermat alionyesha kwamba 47 inaigawanya ile ya 23, na 223 inaigawanya ile ya 37. Euler mwenyewe aliiangusha ile ya 29 kwa kigawo 233.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo hadi 257, na jina lake ndilo lililobaki: namba hizi huitwa namba za Mersenne mpaka leo. Orodha yake ina makosa matano, kwa kuwa aliingiza 67 na 257 zisizostahili, akaziacha 61, 89 na 107. Lakini 31 aliipata. Katika namba tasa za Mersenne, namba yetu ni ya nane.

Euler aliwezaje bila kompyuta? Si angehitaji kugawanya maelfu ya mara?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kanuni ya shuleni inasema: ukitaka kujua kama namba ni tasa, jaribu kuigawanya kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kuzigawanya zote kwa kalamu ni kazi ya miezi, na kosa moja dogo linaharibu yote.

Euler aliuliza kwanza: kama kigawo kipo, lazima kiwe na sura gani?

Tuseme namba tasa q inaigawanya 2³¹ − 1. Maana yake ukiigawanya 2³¹ kwa q, baki ni 1. Sasa anza na 1, zidisha kwa 2, chukua baki, zidisha tena kwa 2, chukua baki. Mabaki hayo huzunguka kama gurudumu. Baada ya hatua 31 umerudi kwenye 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, gurudumu haliwezi kuwa na mzunguko mfupi zaidi ndani yake. Lakini Fermat alishafundisha kwamba gurudumu la aina hii hurudi kwenye 1 pia baada ya hatua q − 1. Kwa hiyo 31 lazima iigawanye q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi 62 inaigawanya q − 1. Vigawo vyote vinavyowezekana ni vya umbo la 62k + 1. Hebu rudi kwenye 2,047 uone: kipeo ni 11, mara mbili yake ni 22, na vigawo 23 na 89 vyote vinazidi vigawe vya 22 kwa moja. Na 47 ya Fermat ni mara mbili ya 23, ongeza 1.

Kuna sharti la pili. Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶, yaani 65,536. Kwa hiyo, katika ulimwengu wa mabaki ya q, namba 2 ni kipeo cha pili cha kitu fulani. Jambo hilo hutokea pale tu q ikigawanywa kwa 8 inapobakiza 1 au 7. (Shikilia hiyo 65,536. Itarudi mwishoni.)

Unganisha masharti yote mawili: q lazima iwe ya umbo la 248n + 1 au 248n + 63. Kufikia 46,340, umbo la kwanza lina namba 186. La pili lina 187 ukihesabu 63 yenyewe, ambayo si tasa, kwa hiyo nazo zinabaki 186. Jumla ni namba 372, na nyingi kati yake zinaanguka zenyewe: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawanya 2,147,483,647 kwa 311: utapata 6,905,092, baki 35. Haigawanyiki. Endelea na 1,303, kisha 1,489, na kuendelea hivyo hadi mwisho.

Kutoka karibu 4,800 hadi chini ya 372. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku kadhaa. Kila ninapofundisha jambo hili huwaambia wanafunzi wasikimbilie majibu, watazame jinsi mzee asiyeona vizuri alivyokataa kugawanya kabla ya kufikiri.

Nimejaribu 3, 7, 11 na 31. Kila mara baki ni 1. Ni sadfa?

Si sadfa, na hongera kwa kuliona. Ondoa 1 upate 2,147,483,646, kisha uipasue:

2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

Yoyote kati ya hizo ukiigawanyia namba yetu, baki ni 1. Hii inatokana na kwamba 2³¹ − 2 ni mara mbili ya 2³⁰ − 1, na 30 ina vigawo vingi, kwa hiyo 2³⁰ − 1 hupasuka vipande vingi. Inapendeza kuona jirani aliyepasuka hivi akikaa kando ya namba isiyopasuka kabisa. Jirani wa upande wa pili, 2,147,483,648, hana kigawo tasa chochote isipokuwa 2.

Ile orodha ya vipande usiisahau. Tutaihitaji kwenye swali la bahati nasibu.

Ina pacha?

Namba tasa mbili zilizoachana kwa 2, kama 11 na 13, huitwa pacha. Hii haina. 2,147,483,645 inaishia na 5, na 2,147,483,649 inagawanyika kwa 3. Namba tasa iliyo nyuma yake ni 2,147,483,629, na ya mbele yake ni 2,147,483,659. Ukizihesabu zote kuanzia 2, yenyewe inashika nafasi ya 105,097,565.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya vipeo vya pili?

Kwa viwili haiwezekani, kwa sababu ikigawanywa kwa 4 inabakiza 3. Kwa vitatu pia haiwezekani, kwa sababu ikigawanywa kwa 8 inabakiza 7. Lagrange alithibitisha kwamba vinne vinatosha kwa namba yoyote ile, na hapa vinne ndivyo vinavyohitajika. Nilipata mfano mmoja kwa penseli:

46,339² + 425² + 10² + 1²

Kipeo cha kwanza ni 2,147,302,921 na cha pili ni 180,625. Ongeza 100, ongeza 1, na umefika. Mifano mingine ipo, na kuitafuta ni zoezi zuri la mchana wa Jumapili.

Ina uhusiano gani na namba kamilifu?

Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlishwa na kurudisha namba ileile. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinazofuata ni 496 na 8,128, halafu inaruka hadi 33,550,336.

Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo la 2ᵖ − 1 huzaa namba kamilifu: izidishe kwa 2ᵖ⁻¹. Miaka karibu elfu mbili baadaye Euler alithibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hupatikana kwa njia hiyo, hakuna nyingine. Kwa hiyo namba yetu ikizidishwa kwa 1,073,741,824 inatoa namba kamilifu ya nane:

2,305,843,008,139,952,128

Ina vigawo 62 ukiihesabu na yenyewe. Kama kuna namba kamilifu iliyo witiri, hakuna aliyewahi kuiona, na hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezi kuwepo.

Je, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1, nayo ni tasa?

Ni swali la haki, maana mwanzo wa mlolongo unatia tamaa. 3 ni tasa, na 2³ − 1 = 7 ni tasa. 7 ikawa kipeo ikatoa 127, nayo ni tasa. Namba yetu yenyewe imezaliwa hivyo: 2⁵ − 1 = 31, na 2³¹ − 1 ndiyo hii. Namba tasa za aina hii, ambazo kipeo chake nacho ni namba tasa ya Mersenne, zinazojulikana ni nne tu: 7, 127, 2,147,483,647 na 2¹²⁷ − 1.

Lakini ukipanda ngazi moja zaidi unaanguka. Namba unayoiuliza ina tarakimu 646,456,993, na inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Kanuni ya Euler inafanya kazi hata hapa: toa 1 kwenye kigawo hicho, gawanya kwa 2,147,483,647, utapata 137,490 bila baki.

Kwa nini kompyuta zinaipenda sana?

Rudi kwenye bao. Kompyuta ikitunza namba nzima kwa biti 32, chukulia kila biti ni shimo: lina kitu au halina. Mashimo 31 yanabeba thamani za 1, 2, 4, 8 hadi 1,073,741,824. Shimo la 32 limewekwa kwa ajili ya hasi, na thamani yake ni −2,147,483,648. Mashimo 31 yakijaa yote na la 32 likiwa tupu, una namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo, nayo ni hii yetu.

Ongeza 1 sasa. Shimo la kwanza limejaa, linasukuma la pili, la pili linasukuma la tatu, hadi yote 31 yanakuwa matupu na la 32 linapata kitu. Namba inayosomeka ni −2,147,483,648. Umeongeza moja ukaporomoka zaidi ya bilioni nne. Si kila lugha ya programu inaruhusu jambo hilo litokee kimya kimya, lakini nyingi zilizojenga mifumo tunayoitumia zinaruhusu.

Mwishoni mwa 2014 video ya mwimbaji mmoja wa Korea Kusini ilitazamwa YouTube mara nyingi kupita kikomo hiki, na kaunta ikahamishiwa kwenye biti 64. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807, ambacho ni 2⁶³ − 1. Hicho si tasa: kinagawanyika kwa 7, tena mara mbili.

Nimefungua hifadhidata, wateja wangu wote wana namba ya simu 2147483647. Nimedukuliwa?

Hujadukuliwa. Hili nimeliona kwa macho yangu. Niliombwa kusaidia duka lililokuwa linatuma ujumbe mfupi kwa wateja, na mamia ya watu walikuwa na namba moja ya simu. Mwenye duka aliamini kabisa kuna mtu amemhujumu. Kijana aliyemtengenezea mfumo alikuwa anakaribia kusingiziwa.

Kilichotokea ni hiki. Safu ya simu kwenye jedwali iliwekwa aina ya INT, yaani namba nzima ya biti 32. Mteja akiandika 0712 na kuendelea, mfumo unatupa sifuri ya mwanzo na kubakiza tarakimu tisa, zinazoingia bila shida. Akiandika kwa kuanza na 255 au 254, anapata tarakimu kumi na mbili, yaani zaidi ya bilioni 250. Hizo hazienei. Hifadhidata kama MySQL, ikiwa haijawekwa kwenye hali ya ukali (strict mode), haikatai. Inaandika namba kubwa kuliko zote inayoweza kuishika, kisha inaendelea na kazi. Ukitumia 256 ya Uganda, 250 ya Rwanda, 257 ya Burundi au 243 ya Kongo, mambo ni yale yale.

Dawa: tunza namba ya simu kama maandishi. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Na uwashe hali ya ukali, mfumo ukatae badala ya kusema uongo. Namba zilizokwisha kuharibika hazirudi kutoka kwenye jedwali hilo. Zitafute kwenye nakala rudufu au uwaombe wateja upya.

Angalia na fedha. Anayetunza kiasi kwa senti ndani ya biti 32 anakwama kwenye shilingi 21,474,836.47. Gari moja lililotumika linaweza kumvusha hapo.

Ni kweli saa za kompyuta zitasimama mwaka 2038?

Hazitasimama, lakini zilizotengenezwa kwa biti 32 zitapotea. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, 19 Januari 2038. Greenwich itakuwa usiku wa manane umeshapita. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, sekunde ya saba. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi bado ni alfajiri, saa kumi na moja na dakika 14. Muscat ni saa moja na dakika 14 asubuhi.

Sekunde inayofuata, saa isiyorekebishwa itajiona iko 13 Desemba 1901.

Simu na kompyuta mpya hutumia biti 64 na hazina shida hii. Ninachokihofia ni vifaa vilivyofungwa ukutani au ndani ya mashine na kusahaulika, ambavyo hakuna atakayevipelekea programu mpya. Na si lazima kusubiri 2038: programu inayokokotoa marejesho ya mkopo wa miaka 15 imeshaanza kuvuka tarehe hiyo.

Hesabu yenyewe ni siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7, yaani miaka 68 na siku kama 18. Kila mtu ana sekunde yake ya 2,147,483,647. Kama una mzazi aliyetimiza miaka 68 mwezi huu, mtafutie tarehe umwambie. Mimi nilimfanyia hivyo mama yangu, akafurahi kuliko alivyofurahia siku ya kuzaliwa yenyewe.

Inatumikaje kutengeneza namba za bahati nasibu, yaani zisizo na utaratibu unaoonekana?

Hapa ndipo utasa wake unapofanya kazi. Chukua namba yoyote ya kuanzia, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba yako inayofuata. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Kwa macho hazina utaratibu wowote.

Wazo la kuzidisha na kuchukua baki ni la mwanahisabati Mmarekani D. H. Lehmer. Stephen Park na Keith Miller, mwaka 1988, walilipendekeza kwa namba hizi hasa kama kiwango cha chini ambacho kila mtu angeweza kukiamini, na bado limo ndani ya maktaba ya kawaida ya lugha ya C++. Ukitaka kujua kama programu yako imeandikwa sawasawa, anza na 1, piga hatua 10,000: lazima ufike 1,043,618,065.

Kwa nini 16,807? Ni 7 kwa kipeo cha 5. Vipeo vya 7 hupita kwenye mabaki yote 2,147,483,646 kabla ya kurudi mwanzo. Ukichukua kila kipeo cha tano, bado utapita kote, mradi 5 isiwe kigawo cha 2,147,483,646. Tazama ile orodha ya vipande niliyokuambia uikumbuke: 2, 3, 3, 7, 11, 31, 151, 331. Tano haimo.

Usiitumie kwa nywila wala kwa jambo lolote la siri. Anayeona namba moja anajua zote zinazofuata.

Ni namba tasa kubwa kuliko zote?

Iliwahi kuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana, kwa zaidi ya miaka 80. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba namba kamilifu inayozaliwa nayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba kamilifu ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi, na haielekei mtu atajisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39. Iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, nayo ina tarakimu 41,024,320.

Barlow simcheki. Kwa zana za wakati wake alikuwa na sababu. Lakini namba tasa inayoizaa ile aliyoiita haina matumizi imo kwenye simu unayosomea maneno haya.

Naweza kuithibitisha mwenyewe nyumbani?

Unaweza, na huhitaji zile gawanyo 372. Njia hii ilianzishwa na Lucas na ikanyooshwa na yule yule Lehmer.

Anza na 4. Tafuta kipeo chake cha pili, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza na uchukue baki. Rudia. Kama kipeo ni p, piga hatua p − 2. Ukimaliza kwa sifuri, namba ni tasa. Jaribu kwanza kwa 31, yaani 2⁵ − 1, hatua tatu: 4 inatoa 14. 14 inatoa 194, baki 8. 8 inatoa 62, baki 0. Tasa.

Kwa 2³¹ − 1 ni hatua 29. Mwanzo ni rahisi: 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954. Kuanzia hapo lazima ugawanye, na kikokotoo cha kawaida cha simu kinaweza kukosa nafasi ya tarakimu zote, kwa hiyo tumia programu inayoshika namba ndefu, au karatasi na subira. Mabaki yatarukaruka bila mpangilio, bilioni moja na kitu, milioni kadhaa, bilioni tena. Mwanafunzi wangu mmoja aliifanya kwa mkono likizo nzima ya Desemba, akaniletea daftari.

Hatua ya 28 itakupa namba fupi ya ghafla: 65,536. Kipeo chake cha pili ni 4,294,967,296. Toa 2, zinabaki 4,294,967,294. Gawanya kwa mbili uone ni nini.